Mteremko wa Mweka: siku kumi na saba za nusu marathoni moja

Ijumaa

Basi lilitoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Tulipofika Chalinze nilikuwa nimeshamaliza mayai mawili ya kuchemsha, kashata tatu na korosho zote nilizonunua kwa ajili ya njia nzima. Kocha wa kikundi chetu cha joging alituambia siku mbili kabla ya mbio tule wanga wa kutosha. Hakusema tuishie wapi, nami sikuuliza.

Nijitambulishe kwa kifupi. Nina miaka arobaini na moja na watoto wawili. Nimezaliwa Tanga, naishi Dar, na kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kutwa nzima nikihesabu fedha zisizo zangu. Miaka mitatu iliyopita daktari alinipima presha, akatazama kipimo, akakitazama tena. Wiki ile ile nikanunua raba. Tangu hapo kila Jumamosi alfajiri tunakutana Coco Beach, tunakwenda hadi Daraja la Tanzanite, tunalivuka, tunageuza. Daraja lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na kwa sisi watu wa Dar ndilo mlima wetu. Januari nilikimbia kilomita 21 kwa saa mbili na dakika kumi na nne, barabara tambarare kama sinia, nikajiona nimeshafika.

Mume wangu ni mtu wa Kibosho. Yeye hakimbii, hutazama mpira. Ila ndiye aliyenilipia ada ya Kilimanjaro Marathon, mbio za nusu, kilomita 21.1, kwa hoja kwamba dada yake yuko Moshi na hoteli hatutalipa.

Upande wa dirishani alikaa mzee mwenye koti, mwanajeshi mstaafu, anashukia Same.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona raba umezipakata kama mtoto mchanga?"

Nikamweleza kwamba begi linaweza kupotea kwenye buti, raba zikipotea safari imekufa. Akaitikia kwa kichwa, na kuanzia Segera hadi Mombo ikawa habari ya Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni. Boston, 1988, Ikangaa alimaliza wa pili nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Kilomita 42, sekunde moja! Mwaka uliofuata wa pili tena, na 1990 wa pili tena, ingawa katikati hapo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda. Mzee alikuwa na maelezo yake.

"Boston inaanza kwa kushuka. Na Ikangaa alikuwa mtu wa kwenda mbele tangu mwanzo, hasubiri mtu. Mteremko, mwanangu, ni mkopo wa kausha damu. Unapewa hela leo bila dhamana, unafurahi. Wakija kudai, wanabeba mpaka godoro."

Nilicheka sana. Niliiandika hata kwenye simu kwa sababu ile ya godoro ilinipendeza. Sikuona kama inanihusu, maana mimi nilikuwa ninauogopa mpando.

Mzee alishuka Same. Milima ya Upare ilikuwa imevaa mawingu hadi kiunoni, na tulipofika Mwanga matone ya kwanza yakagonga kioo. Mwisho wa Februari Moshi huwa na joto na vumbi, masika yenyewe hungoja Machi. Kondakta akatazama nje, akasema, "Hii inapita tu." Wifi alinipokea stendi akiwa na mwavuli, na gauni limemlowa hadi magotini.

Jumamosi

Usiku kucha bati liliimba. Asubuhi tukaenda kuchukua namba: karatasi ya kubandika kifuani, pini nne, fulana. Kila mtu foleni nzima anatazama juu na kujifanya hatazami.

Mtoto wa wifi, kijana wa kidato cha tatu, alizigeuza raba zangu juu chini. Nilizipata mitumbani Karume, nzuri, nyepesi, rangi ya papai. "Anti," akasema kwa upole, "hizi huku nyuma zimeshakuwa kandambili." Kweli, kisiginoni soli ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Lami kavu ya Dar haijawahi kunilaumu. Nikamwambia siku moja kabla ya mbio mtu habadilishi viatu, na hilo ni kweli. Ila wiki tatu kabla alipaswa kubadilisha, hilo sikumwambia.

Tukatafuta cha kufunikia simu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019, kupata kijifuko cha plastiki kisichopitisha maji ni kazi kuliko unavyodhani. Mwishowe tukakata kifungashio cha sukari tukakifunga kwa raba bendi. Wifi akanipa pia mfuko mweusi wa taka, ametoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. "Vaa huu ukiwa unasubiri kuanza. Ukishapata joto, utupe pipani." Wifi ni muuguzi, hatoi ushauri mara mbili.

Jumapili

Niliamka saa kumi usiku. Ndizi mbili za kuchemsha, chai, mkate. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Sehemu moja niliisahau, nitaitaja tutakapofika bafuni.

Uwanja wa Ushirika, saa moja kasoro. Wanaume waliovaa mifuko ya taka, wanawake waliovaa mifuko ya taka, mimi nimo. Mlima wenyewe, mita zote 5,895, haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ukuta wa kijivu unaoanzia juu ya paa za nyumba. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ile inayokudanganya. Nikautupa mfuko mapema mno kwa sababu wenzangu walitupa.

Kosa langu la pili, kama la kwanza ni soli: nilivaa fulana ya kikundi chetu, ya pamba, yenye jina letu mgongoni, ili nipigwe picha nayo. Pamba ikilowa inakunywa maji na haitaki kuyaachia. Inakulalia mwilini kama mtu mwenye deni.

Kilomita tatu za kwanza ni mji. Kisha unaingia barabara ya Mweka na barabara inaanza kuinama kwako. Haipandi kwa ghafla. Inapanda kwa adabu, kama mtu anayekuuliza habari za nyumbani kabla ya kukuomba mkopo. Moshi mjini penyewe ni zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na mapafu yangu yamezoea Oysterbay. Nikafuata mpango: hatua fupi, mabega chini, nipumue kiasi cha kuweza kusema sentensi moja. Sentensi yenyewe ilikuwa "Ee Mungu wangu".

Karibu na kilomita ya nne mvua ikaacha utani. Ilikuja kutoka mbele, kwa mshazari, matone mazito ya milimani yaliyo baridi. Kwetu Tanga mvua ni ya uvuguvugu, unaweza kuoga. Hii ilikuwa ya jokofu. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga inayoteremsha maji kutoka juu hadi vihambani, ilikuwa imejaa na kumwagika barabarani, maji rangi ya chai ya maziwa yakivuka lami kwa vikundi. Ukiyakwepa unapoteza hatua, ukiyapita unabeba nusu kilo kwenye kila kiatu.

Na hata hivyo, niseme ukweli, kupanda kulikuwa kutamu. Migomba pande zote mbili, kahawa chini yake, uzio wa masale umeoshwa ukawaka kijani. Bibi mmoja alisimama mlangoni kwake amejifunika jani zima la mgomba kichwani, anapiga makofi. Watoto wamenyoosha viganja nje ya vibaraza, unapita unagonga, pa, pa, pa. Mwanamume mmoja alipiga kelele, "Twende mama, huko juu kuna mbege!" Hakukuwa na mbege. Kulikuwa na meza ya maji, na kijana anayegawa vikombe huku meno yakigongana, nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe, maana mimi nilikuwa na joto la kukimbia na yeye amesimama tu.

Kwenye kigeuzio saa yangu ilisoma saa moja na dakika ishirini na mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba aliyekuwa mita thelathini mbele nilimjua kwa rangi ya soksi. Nikanywa maji, nikageuka, na nikafanya hesabu ya mtu wa benki: nimepanda kwa dakika themanini na mbili, nikishuka kwa hamsini na nane tu namaliza kwa saa mbili na ishirini. Mapafu yalikuwa yamefunguka, miguu inajiendea yenyewe. Wakanipita vijana watatu wa fulana za njano wakicheka. Nikaunga nao.

Kilomita ya kumi na mbili kwa dakika tano na sekunde ishirini. Ya kumi na tatu vivyo hivyo. Sijawahi kukimbia hivyo maishani. Upepo uko mgongoni, bibi wa jani la mgomba anacheka, nami namwinulia mkono kama mbunge. Kitu ambacho sikukijua ni hiki: ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja kukusukuma, kazi iliyoizoea. Ukishuka inafanya kazi ya breki. Kila hatua mwili mzima unaangukia goti moja, na misuli inalazimika kuvutika huku bado imekaza, kama kamba inayozuia gari lisiteremke. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Daraja la Tanzanite halikunifundisha hilo, linashuka kwa dakika moja na limekwisha.

Kilomita ya kumi na nne mapaja yakaanza kutetemeka nikikanyaga. Vijana wa njano wakatokomea. Ningepunguza mwendo, lakini kupunguza nako kunataka breki, na breki ndiyo iliyokuwa inaisha. Kwenye kona moja mfongo ulikuwa umemwaga tope laini juu ya lami, jembamba, huwezi kuliona mpaka uko juu yake. Kisigino cha kulia, ile sabuni, kikaondoka. Nilikwenda chini kwa goti, kwa kiganja, kisha kwa nyonga, nikateleza kiasi cha urefu wa mkeka.

Aliyeniinua alikuwa baba wa makamo, namba yake imelegea pini mbili. "Pole mama, pole sana. Umevunjika?" Sikuvunjika. Goti lilichubuka, damu inasafishwa na mvua bila gharama. Kiganja kilikuwa na punje za kokoto. Nikasimama nikapiga hatua tatu za kuchechemea, na kutoka kwenye banda la kuuza mkaa sauti ikapaa: "Akhwariii! Maliza!"

Kila Mtanzania akichechemea barabarani na namba kifuani lazima aitwe Akhwari, hatuna jinsi. John Stephen Akhwari alianguka Mexico mwaka 1968, goti likaharibika, akamaliza marathoni uwanja ukiwa karibu mtupu, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mimi nilikuwa nimechubuka tu, na nilikuwa na kilomita sita. Nikaona aibu kutembea. Nikatembea hata hivyo, mita mia mbili, kisha nikakimbia mia tano, kisha nikatembea. Hapo ndipo baridi iliponipata. Ukikimbia kwa nguvu mwili ni jiko, ukianza kutembea umelowa, jiko linazimwa na maji yanabeba joto lililobaki. Kufika kilomita ya kumi na nane vidole vya mikono vilikuwa vimekufa na nilikuwa nimenuna kama mtoto. Nilimnunia hata mtu aliyeniambia "bado kidogo".

Saa mbili na dakika thelathini na nane. Nilipewa medali. Nilijaribu kusema asante, ikatoka kitu kama "athante".

Wifi alikuwa kwenye uzio. Hakunipongeza. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya gari la jirani, akasema, "Vua." Nilitaka chai kwanza. "Vua kwanza, chai baadaye." Pini za namba zilinishinda, vidole vinazungukazunguka kama vya mtu mwingine, akazifungua yeye. Fulana ya pamba ilitoka kwa mlio. Akanikausha nywele kwa taulo, akanifunga kanga mbili kavu, moja kiunoni moja mabegani, juu yake koti la mume wake, soksi kavu, kofia ya sufu. Ndipo ikaja tetemeko la kweli: meno, magoti, kidevu. Wifi akatulia. "Tetemeka tu, ni vizuri, mwili unajipasha. Ukiacha kutetemeka na bado una baridi, hapo ndipo nitakukimbiza hospitali." Chai ya tangawizi nikashikiwa kikombe. Baada ya robo saa hivi niliweza kusoma maandishi ya kanga iliyokuwa magotini kwangu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nikakumbuka fulana tatu za njano. Nikamwuliza wifi kama aliichagua makusudi. Akasema aliichukua ya juu kabatini.

Bafuni jioni: nitaje sasa. Ni mstari wa chini ya sidiria. Maji ya uvuguvugu yalipogusa hapo nilipiga yowe hadi jirani akagonga ukuta. Ngozi ilikuwa imetoka mstari mzima kama umechorwa kwa rula. Goti wifi alilisafisha kwa maji mengi na sabuni, akaokota kokoto za kiganjani kwa kibanio, bila kunihurumia hata moja.

Jumatatu

Wifi ana vyoo viwili. Cha ndani kilikuwa kimeharibika tangu wiki iliyopita. Cha nje ni cha kuchuchumaa.

Nitasimulia kwa heshima. Kushuka niliweza kwa kushika bomba. Nikafika robo tatu, mapaja yakakata tamaa yote mawili kwa pamoja, nikajikuta nimefika. Kupanda sasa. Bomba liko, mkono uko, nia iko, miguu haipo. Nilikaa hapo nikisikiliza matone kwenye bati na kuwaza maisha yangu. Mwishowe nikaita, na mtoto wa kidato cha tatu akamwita mama yake, na mama yake akacheka kwanza, akaingia baadaye. Mchana akaniletea kiti cha plastiki alichokata tundu. Sijawahi kupewa zawadi yenye maana zaidi.

Saa saba akateremka mama mkwe kutoka Kibosho, mvua ile ile, na chungu kwenye kikapu. Mtori. Ndizi zilizopondwa na kuchemka na nyama ya mfupa hadi zikawa uji mzito, mafuta yanaelea juu kwa macho madogo. Mara ya mwisho mama mkwe alinipikia mtori ilikuwa nilipojifungua mtoto wa pili, maana ndicho chakula cha mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Neema. Kaa, usisimame." Nilikuwa sijasimama, nilikuwa nimejaribu tu. Akanitazama nilivyolala, miguu juu ya mito, kanga kiunoni, nikaletewa bakuli mikononi. "Sasa huyu tumwite nani?" akawauliza wengine. Mtoto wa wifi akajibu, "Medali." Wakacheka mpaka mimi nikaomba waache, maana kucheka nako kuliuma.

Jumanne

Siku mbaya kuliko zote, mbaya kuliko siku ya mbio. Nilidhani siku ya pili ningeanza kupona. Wifi akanieleza kwamba maumivu haya huja yamechelewa, hupanda siku ya kwanza hadi ya tatu, na wala si ile asidi ya misuli ambayo kila mtu kwenye joging anaisingizia. Asidi hiyo ilikuwa imeshaondoka ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya mbio. Hii ni fundi anayekarabati: panapochanika panavimba, panapata joto, panauma ukigusa.

Nilikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye begi, vidonge kumi. Pale kikundini kwetu watu huvimeza kama karanga, wengine kabla hata ya kuanza kukimbia. Wifi aliviona, akaviweka mfukoni mwa sare yake. Dawa za aina hiyo, alisema, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu aliyekimbia saa mbili na nusu akanywa maji nusu ya alichohitaji zina shida zake tayari. "Mkojo wako una rangi gani?" Mbele ya mtoto. Nikamwambia kama juisi ya nanasi. "Sawa. Ukiona kama chai ya rangi, usinipigie simu, nenda hospitali." Akanichanganyia pakiti ya chumvichumvi za kuhara, ORS, kwenye lita moja ya maji, nikainywa kidogo kidogo kutwa.

Hakuniacha nilale pia. Kila saa moja nilitembea kutoka kitandani hadi getini na kurudi, kwa mwendo wa bibi harusi. Mtoto wa wifi alizijaza raba zangu magazeti na kuyabadilisha asubuhi na jioni, akaziweka mbali na jiko ili gundi isiachie. Mtu akitaka kunichua kwa nguvu nilikataa. Mama mkwe alinipaka tu mafuta kwa kiganja, polepole, akiimba kitu cha Kichaga ambacho sikukielewa.

Jumatano

Nilipaswa kuondoka Jumanne, nikaahirisha. Leo basi. Zaidi ya kilomita 550 umekaa, na miguu iliyovimba. Niliomba kiti cha kando ya njia, nikawa nasimama kila kituo, Same, Mombo, Korogwe, nikipandisha visigino na kushusha huku abiria wakinitazama. Korogwe nikashindwa ngazi za basi kwa uso, nikashuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi. Muuza machungwa akanisubiri hadi nimalize.

"Ajali, dada?"

"Mbio."

"Ulikuwa unamkimbia nani?"

Nilinunua machungwa yake yote kumi.

Jua lilikuwa linawaka tangu Himo. Mlima, kwa taarifa yenu, ulitokea wote asubuhi hiyo, mweupe juu, bila hata kipande cha wingu.

Alhamisi hadi Jumamosi

Hakuna la maana. Nilirudi kazini, nikatumia lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Mafua yalinipata Alhamisi jioni, ya kawaida. Nililala saa tatu usiku siku zote tatu kama mtoto wa chekechea, na nadhani usingizi ule ulifanya kazi kuliko kitu chochote nilichokula. Malengelenge mawili nyayoni sikuyatoboa, yalikauka yenyewe. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa umeanza kuwa wa zambarau. Kushuka kote kule kidole kilikuwa kinagonga mbele ya kiatu, maelfu ya mara.

Jumapili ya pili

Kikundi kilikuwa Coco Beach nami nikaenda, kutembea tu. Kilomita tatu kwenye mchanga mgumu ambapo maji yametoka. Maumivu yalikuwa yameisha kabisa, na hapo ndipo pa hatari, maana nilijiona mzima. Mwenzangu mmoja akaniita, "Njoo hata kidogo, hadi darajani." Kocha akasema wiki mbili, na misuli isiyouma si lazima iwe imepona. Niliuma meno nikabaki na vikoba na chupa za wenzangu. Nilikunywa madafu mawili. Nikawasimulia choo cha nje, ikawa makosa. Hadi leo grupuni wananiita Bomba.

Katikati ya wiki nilinunua raba mpya, za dukani. Bei nimemwambia mume wangu nusu yake.

Jumapili ya tatu

Kilomita nne, taratibu, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza nilivyokuwa nashuka daraja badala ya nilivyokuwa napanda. Hatua fupi, haraka, mwili umeinama mbele kidogo, kisigino hakitangulii. Kocha amekubali tuanze kwenda Pugu mara moja kila mwezi, kwenye vilima, na si kwa ajili ya kupanda.

Nyumbani nilipovua soksi kitu kikaanguka sakafuni. Ule ukucha wa zambarau, mzima, umeacha chini yake ngozi laini ya waridi. Haukuuma hata kidogo. Neema, miaka saba, ambaye mwezi uliopita aling'oka jino, aliuokota kwa vidole viwili na kuuchunguza mwangani.

"Mama, na huu tunaurusha juu ya bati?"

Tukatoka nje. Akaurusha yeye, kwa sababu mimi bado bega la kulia lilikuwa zito. Tukausikia ukiteleza.